Chuma Kilichobaki Upande wa Dereva

Shemeji yangu tulimwita Futi kwa sababu ile futi yake ya chuma, ya kuvuta na kurudi, haikutoka kiunoni hata siku ya harusi yangu. Nasema kweli. Mimi nimesimama na mume wangu, watu wanapiga makofi, na yeye, kaka wa bwana harusi, anapima mlango wa ukumbi aone kama meza kubwa itapita. Ikapita, ikabaki nafasi ya kidole kimoja. Alifurahi kuliko sisi tuliooana.

Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza za asubuhi, anafikiri kwanza. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa kwenye uwanja mpana nyuma ya maghala: mageti, vitanda, matela, bodi za malori. Mimi nilikuwa chumba cha pembeni, ukuta mmoja kati yetu, na cherehani yangu ya kushona viti vya magari. Gari likitoka mkononi mwake linaingia mkononi mwangu. Miaka tisa tulifanya kazi hivyo, na sikuwahi kumsikia akisema "inatosha hivyo hivyo." Akikosea kipimo kwa unene wa ukucha, anakata upya. Nilikuwa namtania, "Shemeji, ndiyo maana huoi. Utampima mwanamke wa watu mpaka achoke, aondoke zake." Anatabasamu upande mmoja wa mdomo, anarudi kwenye kazi.

Mume wangu alikuwa mdogo wake, na kwa tabia walikuwa mbali kabisa. Mwenzangu, baba wa wanangu, alikuwa mtu wa kelele na vicheko, dereva wa lori la kuhamisha samani. Angeweza kuliingiza lori kinyumenyume kwenye uchochoro huku anatafuna mkate na kumsalimia kila anayemwona dirishani. Mama yao aliishi nasi, chumba cha mbele, na wanawe hao wawili ndio walikuwa dunia yake yote. Wakichelewa kurudi, hagusi chakula.

Vita ilipoanza, ilikuja kwa ndege. Jeshi likachukua malori ya mji mzima, na lile la mume wangu likiwemo, na yeye mwenyewe wakamchukua pamoja nalo, utafikiri ni spea yake. Wakaleta mizinga ya kudungulia ndege, kila mmoja una midomo miwili mirefu, na kazi ya Futi ikawa kuifunga juu ya malori manne. Lori namba nne alipewa mume wangu. Basi nikajipa moyo: hata kama ni vita, atakuwa karibu na nyumbani, na mzinga wa lori lake umefungwa na kaka yake. Nani mwingine ningemwamini zaidi?

Sasa nieleze kitu kimoja, maana bila hicho hutaelewa lolote. Mzinga unakaa nyuma ya lori, na unazunguka pande zote. Ukizunguka kuelekea mbele, midomo yake inapita juu ya kabini, juu ya kichwa cha dereva. Mpigaji akiwa na hasira au woga, akaishusha mno, anamlipua dereva wake mwenyewe. Kwa hiyo Futi alichomelea kwenye kitako cha mzinga chuma kilichopinda, cha upana wa kabini. Midomo ikifika pale, inakutana na kile chuma na kunyanyuka yenyewe. Hata mpigaji aning'inie, haishuki. Pale karakana walikiita yaya, kwa kuwa kazi yake ni kumlinda mtu asiyeona kinachoendelea nyuma yake.

Mwaka wa pili ndege zikaisha. Zetu zilianguka, zao zilianguka, na zilizobaki hazikuwa na mafuta. Vita ikashuka chini, ikaingia mitaani, nyumba kwa nyumba. Mkuu wa kikosi, ambaye wote tulimwita Afande, mtu mfupi mwenye viatu vinavyong'aa, akaona mizinga yake minne imekaa inaangalia mawingu, ikamkera. Akaanza kuipeleka kupiga majumba.

Mume wangu alikuwa anarudi mchana kula, masikio yanamvuma, tunamsemesha kwa mikono. Siku moja aliniambia mambo ambayo sikuyauliza. Risasi moja ya mzinga ule ni ndefu kuanzia kiganja hadi kiwiko. Imetengenezwa ivunje ndege. "Ukipiga nyumba," akasema, "haigongi ukuta. Inapita. Inapita na wa pili. Halafu unawaona wanaotoka wamebeba mashuka, wanaokota." Mama akamwambia asiseme hayo mezani. Akasukuma sahani. Kuanzia siku ile hakucheka tena kwa sauti, na mimi, Mungu anisamehe, nilichokuwa nawaza si hao waliokuwa wanaokotwa. Nilikuwa nawaza arudi tu.

Afande akaja karakana asubuhi moja, nami niko mlangoni kwangu nasikia kila neno. Akamwambia Futi, "Toa hivyo vyuma vyote. Vijana wangu wanataka kupiga mbele, chini, usawa wa mtu."

Futi akafikiri kama kawaida yake. Kisha akasema, "Afande, malori yaingie kinyumenyume. Mzinga utaangalia adui kwa nyuma, utashuka mpaka chini, na dereva atakuwa upande wa salama. Mambo yakiharibika, anakanyaga mafuta anaondoka mbele."

Ilikuwa akili. Mtoto mdogo angeiona. Mume wangu alikuwepo, akasema yeye anaweza hata amefumba macho.

Afande akamtazama Futi toka juu mpaka chini. "Jeshi langu liingie vitani limetanguliza makalio?" Askari wakacheka. "Kata."

Basi akakata. Namba moja kwanza, halafu mbili, halafu tatu. Siku nne za kazi kwa kila lori, kwa kuwa mafundi walikuwa wamebaki wawili na umeme ulikuja ukipenda. Namba moja ilienda vitani kabla tatu haijamalizika. Ikarudi baada ya siku mbili, imevutwa kwa mnyororo. Gurudumu la mbele liliingia shimoni mpigaji akiwa bado amekanyaga pedali, lori likainama, midomo ikashuka pamoja nalo. Bati la kabini Futi aliliziba kwa viraka. Kiti kikaletwa kwangu.

Nilikifungua kile kiti kwenye sakafu yangu. Nimefungua viti vingi vya ajali, sina kinyaa. Lakini hiki sponji yake haikuwa imelowa tu. Ilikuwa na vitu ndani. Nilivitoa kwa koleo nikaviweka kwenye gazeti. Kulikuwa na kifungo cha shati, kimekaa mzima kabisa. Nikasuka springi upya, nikajaza sponji mpya, nikashona kava, kwa kuwa askari alikuwa amesimama mlangoni anasubiri, na dereva mpya alikuwa amesimama nyuma yake. Yule dereva akanishukuru. Akasema kiti kimekuwa laini.

Kesho yake namba nne iliingia karakana kukatwa.

Nilimfuata Futi saa ya chakula, mafundi wametoka, yeye amekaa juu ya tairi anakula mkate. Sikusalimia. "Shemeji, usikitoe cha namba nne."

"Ni amri."

"Nimekishona kiti mimi. Wewe uliliona bati tu. Mimi nimeona kiti."

Akaacha kutafuna. Akanieleza taratibu, na kila alichoeleza kilikuwa kweli, nakiri leo. Akasema akikiacha, mzinga hautashuka upande wa mbele. Mtu akija upande ule hapigiki. Lori litakuwa na upofu, na mpigaji anajua vyuma vimeshakatwa vyote, atategemea ushuke na hautashuka. "Kibaya kuliko kukosa yaya," akasema, "ni yaya usiyejua kama yupo."

"Basi acha nusu," nikasema. "Acha upande wa dereva tu. Kwingine kata."

"Shemeji, kipimo ni kipimo."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake. Nilimwambia hana mke, hana mtoto, hana cha kupoteza, ndiyo maana roho yake ni ya chuma. Nilimwambia mama yake atazika mtoto mmoja kwa mkono wa mwingine. Nikapiga magoti kwenye vumbi la chuma, magoti yakachomwachomwa, nikamshika miguu. Alikuwa anatazama mlangoni kama mwizi. "Inuka," anasema, "inuka, watu watakuona." Sikuinuka mpaka aliposema, "Haya."

Kisha akasema, "Lakini lazima nimwambie mdogo wangu. Na mpigaji wake ajue."

Nikakataa. Hili ndilo neno langu, na sitalisukumia kwa mtu. Nilisema mpigaji akijua atakwenda kumwambia Afande, na mume wangu akijua atakataa, maana ana majivuno, hatakubali alindwe peke yake wakati wenzake wako wazi. Nilisema, "Usimwambie mtu. Niapie." Mtu ambaye hajawahi kusema "inatosha hivyo hivyo" akaniapia. Mchana ule akakata yaya wa namba nne, akaacha kipande cha upande wa kulia, urefu wa mkono, akakipaka rangi nyeusi kifanane na kitako. Afande alipokuja kukagua, aliona mzinga unashuka mbele kushoto, akaridhika, akapiga saluti ya mzaha.

Nililala vizuri wiki mbili. Nasema wazi, nililala fofofo.

Mume wangu alikufa siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi, kwenye njia panda ya kiwanda cha unga. Aliyetuletea habari kamili ni mpigaji wake mwenyewe, aliyerushwa nje na lori akapona, mkono mmoja umefungwa bandeji. Alikuja msibani, akakaa katikati ya wanaume uani, nasi wanawake tuko kwenye mkeka mita chache tu, mama mkwe ameniegemea. Akasimulia kwa sauti ya juu, kwa kuwa masikio yake hayakuwa yanasikia.

Akasema walikuja watu watatu na roketi ya begani, mbele kulia, karibu kabisa, wametokea kwenye mtaro wa maji. Akasema aliwaona mapema. Alizungusha mzinga, akakanyaga pedali, risasi zikapita juu ya vichwa vyao, zikawa zinavunja madirisha ya kiwanda. Akazungusha gurudumu la kushushia kwa nguvu zake zote. Mzinga hauteremki. "Upande wa kushoto ulikuwa unashuka vizuri toka asubuhi," akasema, "kulia ukakwama. Nikapiga kelele, 'Geuza gari! Geuza gari!' Hakusikia. Nani anasikia pale? Wale watu walikaa chini wakalenga bila haraka. Walikuwa wameona kwamba siwezi kuwashushia mzinga. Mmoja alikuwa anacheka." Roketi iliingia kwenye mlango wa dereva.

"Mashine mbovu," akasema mzee mmoja.

"Mashine mbovu," mpigaji akakubali.

Futi alikuwa amesimama karibu na ngazi. Nilimtazama, naye akanitazama. Angalia sasa. Pale uani hakuna aliyejua. Mpigaji aliamini ni mashine. Afande hakuwa na habari. Ingeishia pale, mashine mbovu, vita ni vita, tungelia, yangekwisha. Ningenyamaza tu.

Lakini nilimwona ananitazama, na ilikuwa ama mimi ama yeye. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo. Nikasimama, nikamnyooshea kidole mbele ya ndugu na majirani, nikapiga kelele: "Ni wewe! Ni chuma chako! Uliacha chuma upande wake! Umemuua ndugu yako!"

Mama mkwe akageuza kichwa kumtazama mwanawe. Mimi nilikuwa namsubiri aseme. Nilikuwa nimejiandaa kukana, niape kwa wanangu, nirarue nguo. Angesema tu neno moja, "Wewe ndiye uliyeniomba," na sura yake ilivyokuwa, watu wangemwamini.

Akasema, "Ni mimi, shemeji."

Kisha akatoka kupitia geti la nyuma, na hakuna aliyempa mkono.

Habari ikamfikia Afande siku hiyo hiyo. Lori lililoungua lilikuwa bado liko pale njia panda. Wakaenda kukagua kitako cha mzinga, wakakuta kipande. Asubuhi yake wakaja karakana watu wanne, Afande akiwa mmojawapo. Mimi nilikuwa chumbani kwangu. Nilikuwa nimerudi kazini siku ya tatu tu baada ya kuzika, kwa amri, viti vya namba mbili vilikuwa vinasubiri. Nikasikia kupitia ukuta.

"Nani alikuambia ukiache?"

"Hakuna."

"Kwa nini ulikiacha?"

"Nilisahau."

Afande akacheka kweli kweli. Hata yeye alimjua. "Wewe? Wewe ulisahau?" Akauliza tena, na tena, na jibu likawa lile lile. Halafu nikasikia wanamsogeza, na nikasikia mlio ninaoujua, wa kishikio cha jiliwa kinavyozunguka. Jiliwa ni ile ya chuma iliyofungwa mezani, ya kubana kitu kisicheze ukikikata. Walibana mkono wake wa kulia. Wakawa wanauliza, wanazungusha. Kila nusu mzunguko, swali lile lile: "Nani alikuambia?"

Kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa tofali moja. Ningeweza kuita tu. Nilivuta cherehani, nikaingiza kitambaa, nikakanyaga. Nikashona mshono mrefu, nikarudi juu yake, nikashona tena pale pale, bila kusimama, ili mlio wa cherehani unizibe masikio. Haukuziba wote. Nilipomaliza, kile kitambaa kilikuwa kigumu kama ubao kwa nyuzi, hakifai kwa kitu chochote, na wale watu walikuwa wameshaondoka.

Hawakumuua, kwa kuwa walihitaji fundi. Mkono wa kulia ukapona umekunjamana, vidole vitatu havifunguki. Akajifunza kuchomelea kwa kushoto. Kazi yake ikawa mbaya, mishono ya chuma imejaa mabonge, naye alikuwa anaitazama na kuiacha hivyo hivyo. Watu wakaacha kumwita Futi. Wakamwita Kaini, jina la yule wa kwanza aliyemuua ndugu yake. Watoto walimwimbia njiani. Wanangu wawili waliimba nao, na sikuwakataza.

Vita ikaisha miaka mitatu baadaye, kwa makubaliano, kwenye hoteli, wakubwa wakapeana mikono. Afande yuko hai, ana kampuni ya ulinzi. Malori yakauzwa chuma chakavu.

Mama mkwe hakumruhusu Futi kuingia ndani tena. Alikuwa anakuja kila Jumamosi, anasimama nje ya mlango wa mbele na mfuko wa mkate na sukari, anauweka kizingitini. Mama anamsikia, anajua hatua zake, anageukia ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa natoka kuchukua mfuko. Namwambia, "Asante, shemeji." Naye ananiuliza, "Watoto wazima?" Miaka sita, kila Jumamosi, hilo tu. Hakuwahi kunitazama kwa lawama. Ningekuwa yeye ningenitemea mimi mate usoni. Nilimchukia kwa hilo, nakwambia, nilimchukia kwa kutonilaumu kuliko nilivyomchukia Afande kwa lolote.

Mwaka jana mama akashikwa na figo. Akavimba miguu, daktari akaturudisha nyumbani tukamtunze tu. Siku ya mwisho alikuwa na akili zake timamu. Ilikuwa Jumamosi, adhuhuri, jua limejaa chumbani mpaka nikashusha pazia. Tukasikia hatua nje, tukasikia mfuko unawekwa. Safari hii hatua hazikuondoka. Alikuwa ameambiwa hali.

Mama akanishika kifundo cha mkono. "Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa jirani yake pale. Ukuta kwa ukuta. Niambie kweli, maana naondoka. Mtoto wangu hakuwa mtu wa kusahau kitu. Nimewaza miaka yote hii. Kwa nini alikiacha kile chuma? Hakukuambia?"

Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Nilikuwa naona kivuli cha viatu vyake chini yake. Alikuwa anasikia.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Hata sikuwa na cha kuogopa tena: Afande hana jeshi, wanangu wamekua, mama mwenyewe anakufa. Ningesema, "Ni mimi niliyemwomba, mama, kwa kumpenda mwanao," na labda angenisamehe. Angemwita aingie. Lakini angenitazama kwanza. Angenitazama mimi, kabla ya kumwita yeye, na sikuweza.

"Hakuniambia, mama," nikasema.

Akaniachia mkono. Akawa anapumua kwa kelele. "Basi mwambie asinibebe," akasema. "Nisije nikabebwa na mkono ule."

Nikatoka nje nikamwambia. Alikuwa amevua kofia. "Mama amesema usimbebe."

"Nimesikia," akasema. "Nimesikia yote, shemeji." Akavaa kofia yake akaenda.

Tulimzika Jumatatu. Wanaume wa ukoo walikuwa watano, na jeneza linataka sita. Futi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mkono ule mbovu ameuficha mfukoni, hasogei. Mimi ndiye niliyetoka getini nikasimamisha mtu aliyekuwa anapita na baiskeli, mtu nisiyemjua kabisa, nikamwomba aje atusaidie kubeba.